Mlio Mwembamba

Mtaani dada yangu anaitwa Mama Masikio, kwa sababu ya zile hedifoni kubwa anazovaa kutwa nzima kama rubani aliyepoteza ndege. Wakimwona anapita na mashine yake, fimbo ndefu yenye sahani ya duara huku chini, wanagongeana mikono na kucheka. Wacheke tu. Mimi nilishachoka kugombana na watu ambao kazi yao ni kukaa barazani na kuhesabu wapita njia.

Kazi ya Dada ni kuisikiliza ardhi. Ameajiriwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, na tajiri wa yadi humpeleka kwenye majalala ya zamani na viwanja vilivyobomolewa nyumba, akatafute shaba iliyofukiwa. Sahani ikipita juu ya chuma, mashine hunguruma. Ikipita juu ya shaba nene hulia kwa sauti ya juu, safi, na hapo ndipo anapopiga magoti na kuchimba. Amekuwa fundi kweli wa kazi hiyo. Lakini msidhani aliipenda. Aliingia humo kwa sababu aliitwa mwizi, na aliyemwita mwizi ni mama mkwe wake.

Nianze na pete basi, maana bila pete hakuna kisa. Mama mkwe alikuwa na pete ya dhahabu, nyembamba kama uzi, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Aliipenda kuliko wanawe, na wanawe walilijua hilo. Akitaka kukanda unga aliivua, akachana kipande cha ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara za mumewe, akaikunja humo na kuiweka dirishani. Dada alipokuwa bado bibi harusi alinisimulia jambo hilo huku akicheka mpaka machozi. "Mama mkwe wangu anaifunga pete kama peremende," aliniambia. Tukacheka wote wawili, tukalisahau.

Siku moja pete ikapotea. Mama mkwe akaapa kwamba siku hiyo hakuiweka dirishani. Aliiweka ndani ya kikombe, kabatini, na kabati likafungwa. Na ufunguo wa kabati siku hiyo alikuwa nao nani? Dada yangu. Mashtaka yakaishia hapo hapo, na hukumu pia.

Sasa katika nyumba ile kulikuwa na wifi yake, dada mkubwa wa shemeji yangu, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika na kujitawaza malkia wa jikoni. Asubuhi ile ni yeye aliyefagia jikoni, akakusanya taka zote na kwenda kuzimwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Kila mtu alimwona. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Walichofanya ni kupindua godoro la dada yangu, kumwaga sanduku lake sakafuni, na kufumua pindo za magauni yake wakitafuta pete iliyoshonewa ndani. Hawakuona kitu. Basi kukosekana kwa pete kukawa ndio ushahidi. "Ameshaiuza huyu," wifi alisema, na kila kichwa kikaitikia.

Shemeji yangu ni mtu mpole. Nalisema hili kwa uchungu, maana upole wake ndio uliotumaliza. Alisimama mlangoni anatazama viatu vyake, akasema, "Nenda kwenu upumzike kidogo, mama mtoto, mpaka pete ipatikane." Binti yao alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, yuko mgongoni kwa wifi. "Mtoto abaki," wifi akasema. "Atalelewa na watu wenye mikono safi."

Dada akaja kwangu na fuko moja la nguo. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba pete imo shimoni, imetupwa na taka, na akipewa nafasi ya kuchimba ataitoa. Alikwenda kweli na jembe. Wifi akamfukuza kwa matusi mbele ya mtaa mzima. Baadaye shimo lilijaa, kwa kuwa majirani nao walikuwa wakitupa humo kila kilichowashinda, likafukiwa kwa kifusi, likasawazishwa. Pakawa kiwanja kitupu ambacho kila mtu anakatiza. Hapo sasa hakuna aliyeweza kumfukuza mtu. Lakini utachimba wapi, kiwanja kizima?

Ndipo alipokwenda kuomba kazi yadi. Alianza kwa kuchambua mabati, mikono ikichanika kila siku, na jicho lake likiwa kwenye ile mashine iliyotundikwa ofisini kwa tajiri. Aliomba afundishwe. Tajiri alimwona mwanamke mwenye bidii, akafurahi. Mimi nilijua bidii ile ilikuwa inaelekea wapi.

Siku ya kwanza alipoazimwa mashine alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiwanja, na mimi nilifuatana naye. Loo! Ilikuwa inalia kama mtoto anayeota meno. Hatua moja, kelele. Nusu hatua, kelele nyingine. Anachimba, anatoa kizibo cha soda. Anachimba tena, msumari. Pakiti ya vidonge, kopo, wembe, betri iliyooza, kizibo kingine. Kufika mchana alikuwa ameinama na kuinuka mpaka kiuno kimekufa ganzi, na kichwa kinamgonga kwa sababu ya milio. Akarudi kwa tajiri karibu analia.

Tajiri alimwonyesha vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja cha usikivu: ardhi chafu usiipe mashine masikio makali, alimwambia, itasikia kila takataka kwa mpigo na haitakuambia lolote la maana. Punguza. Kingine ni cha kuchuja. Ukikipandisha, mashine inazoea kunyamazia vitu vya hovyo, kuanzia misumari, halafu karatasi za kung'aa, halafu vizibo. "Ukikifikisha hapa," alisema, na akakifikisha, "ikilia ujue ni kitu. Isipolia, pita zako."

Dada alifurahi siku ile. Mashine ilitulia. Tangu hapo, kila siku yake ya mapumziko, watu wengine wanafua na kulala, yeye yuko kiwanjani nyuma ya nyumba ya wakwe zake, anaizungusha sahani polepole, kulia na kushoto, kimya kimetanda masikioni mwake. Mara moja moja ililia vizuri, akatoa bomba la shaba, au kijiko, au sarafu iliyopitwa na wakati. Pete hapana. Miaka ikaenda. Sikuihesabu na sitaihesabu, lakini mtoto aliyeachwa mgongoni alianza kutembea, akavaa sare za shule, akaanza kukatiza kiwanja kile na daftari zake kwapani.

Hapo ndipo palipokuwa panamuua. Binti yake anapita, anasema, "Shikamoo," bila jina, bila chochote mbele wala nyuma, kama anavyomwamkia muuza mkaa. Dada anavua hedifoni haraka haraka, anaitika, "Marahaba, mwanangu," na mtoto amekwisha kupita. Kule ndani alifundishwa kumwita wifi "Mama", shangazi yake! Siku moja yule mtoto alisimama akauliza kwa udadisi wake, "Unatafuta nini kila siku?" Kabla Dada hajafungua mdomo, dirisha lilifunguka na wifi akapaza sauti, "Njoo ndani wewe! Anatafuta kingine cha kuiba." Mtoto akakimbia. Dada akavaa hedifoni zake na kuendelea. Mimi ningerusha jiwe dirishani, na nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Pete ikipatikana, yeye mwenyewe atajua." Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka duniani, binti yake ajue kwamba mama yake si mwizi. Mume yeye alikwisha kumtoa moyoni, na nyumba ile hata angepewa bure asingeipokea.

Sasa sikilizeni kilichotokea yadi. Mke wa tajiri alikuja kumletea mumewe chakula, akanawa mikono bombani, na pete yake ikateleza ikaingia mchangani. Ni pete ya kawaida, nyembamba. Mama akapiga mayowe, kila mtu akaacha kazi. Tajiri akamwita Dada kwa maringo, "Haya, Mama Masikio, leo ndio siku yako." Dada akaja na mashine yake, akapitisha sahani pale bombani. Kimya. Akapitisha tena, polepole zaidi. Kimya. Akasema kwa uhakika wote, "Hapa haipo, labda imeingia kwenye mtaro." Mzee mmoja mchambua chupa akainama, akapekua mchanga kwa vidole, akaiokota pale pale mashine ilipopita mara mbili.

Wote walicheka, wakarudi kazini. Dada hakucheka. Alimwomba yule mama ampe pete dakika moja tu, akaiweka chini, akashusha sahani juu yake. Kimya. Akashika kile kitufe cha kuchuja, akakirudisha nyuma kidogo. Kimya. Akakirudisha tena, tena, mpaka kufika kule kwa karatasi na takataka, na hapo ndipo pete ilipolia. Haikulia kwa sauti ya shaba. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kinyonge, ule ule ambao Dada alikwisha kuusikia kwa pakiti za vidonge siku ya kwanza na kuulaani. Dhahabu nyembamba na karatasi ya sigara, kwa mashine, ni sauti moja.

Alikuja kwangu jioni ile, akaketi chini hata viatu hajavua. Akanieleza, halafu akasema, "Huenda nimeikanyaga. Huenda nimepita juu yake kila wiki, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga mdomo." Nilitaka kumwambia sivyo, lakini ilikuwa kweli. Utulivu alioupenda sana ndio uliokuwa umeificha pete. Alilia kama aliyefiwa, na mimi nikamtukana tajiri wa yadi matusi ambayo hayaandikiki, ingawa na yeye masikini alifundisha anachokijua. Kwake dhahabu haikuwa biashara.

Tukaanza upya. Kichujio akakishusha mpaka kikaachia kila kitu isipokuwa misumari. Ile sahani kubwa akaibadilisha, akafunga ndogo ya upana wa kisosi, kwa sababu sahani kubwa kwenye taka husikia vitu vinne kwa pamoja na kuvichanganya, na ndogo husikia kimoja kimoja. Tukakigawa kiwanja kwa kamba, vipande kama vitanda vya mchicha. Hatukuruka mlio hata mmoja, uwe wa hovyo namna gani. Yeye anasikiliza na kuchimba, mimi nabeba ndoo. Niliacha cherehani yangu ikaota vumbi kila siku ya mapumziko. Ndoo ikajaa vizibo, tukamwaga, ikajaa tena.

Watu walitufurahia sana. "Mnavuna nini huko?" kijana mmoja alituuliza akiwa amesimama na mikono mfukoni. "Akili zenu," nikamjibu, "ndiyo maana ndoo haijai." Dada akacheka, na nikafurahi, kwani nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Ilipatikana alasiri ya jua kali, karibu na pale ulipokuwa ukingo wa shimo. Mashine ilitoa mlio mwembamba kama ile mingine mia tuliyokwisha kuichimba. Dada akafukua, akatoa kidonge cha karatasi kilichofubaa, cha kijivu, akanirushia nikitupe ndooni. Nilikidaka. Kilikuwa na uzito kidogo kuliko inavyopasa karatasi kuwa nao, na ndani yake kidole changu kikagusa duara.

"Dada," nikasema.

Akanitazama usoni, akavua hedifoni. Alikichukua, akafungua pembe moja tu, na dhahabu ikaonekana, inang'aa kama imevuliwa asubuhi ile. Tulikaa chini kwenye vumbi. Halafu mimi nikakumbuka. "Kama peremende," nikasema. Yaani mama mkwe aliivua mwenyewe, akaikunja mwenyewe kwenye karatasi yake ya sigara, akaiweka dirishani kama siku zote, ikaanguka au ikasukumwa, na binti yake akaifagia na kuitupa. Kikombe na kabati vilikuwa hadithi. Na mwizi gani aliye duniani anaiba pete, anaifunga kwa karatasi ya mwenyewe, halafu anaitupa shimoni?

Nikataka kuichana ile karatasi nimwoneshe kila mtu pale pale. Dada akanizuia. "Iache ilivyo. Wataifungua wao." Akaoga, akavaa gauni lake zuri, akasuka nywele. Mikono aliisugua kwa jiwe na sabuni, lakini udongo wa miaka hautoki kwenye kucha kwa siku moja.

Tukaingia kwa mlango wa mbele. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, amezeeka, mkongojo umeegemea goti, lakini akili zake timamu kabisa, msije mkadanganywa na mkongojo. Wifi alikuwa ameketi pembeni yake. Shemeji yangu alikuwepo, na macho yake, kama kawaida, kwenye viatu. Binti akaingia na sinia la chai, msichana mzima sasa, mrefu, na paji la uso ni la dada yangu kabisa. "Shikamoo," akamwambia mama yake. Mimi akaniambia, "Shikamoo, mama mdogo."

Dada akaweka kile kidonge mezani. "Mama," alisema, "pete yako hii. Imetoka shimoni, kule nyuma. Iko kwenye karatasi yake."

Kizee akaivuta. Akaifungua kwa vidole vyake vilivyovimba viungo, polepole, na karatasi ikawa inakatika vipande. Nilikuwa namtazama usoni, sikumwachia. Alijua. Naapa kwa roho ya marehemu baba yetu, alijua mara tu alipoigusa ile karatasi. Mkono wake ulisimama, midomo ikamcheza. Akajaribu pete kidoleni, ikakwama kwenye kiungo. Halafu, watu wote wakiwa wanatazama dhahabu, akavikusanya vile vipande vya karatasi, akavifinyanga kuwa gololi ndogo, akaichomeka kwenye upindo wa nguo yake.

"Mama, hiyo karatasi," nikasema.

"Karatasi gani?" akauliza.

Wifi akaruka hewani. "Wewe unaleta habari za karatasi! Mtu moyo umemsuta uzeeni, ameleta mali ya watu, tumshukuru basi."

"Imechimbwa!" nilipiga kelele. "Imechimbwa kwenye takataka ulizozimwaga wewe!"

"Nani aliona?"

Nani aliona. Dada alinibana goti kwa nguvu. Akamgeukia mama mkwe wake, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, sitaki kitu chako. Sema tu." Kizee aliitazama pete, akamtazama binti yake, akamtazama mjukuu wake. Halafu akasema, "Imerudi. Mungu mkubwa. Yaliyopita yamepita." Na shemeji yangu mpole akaupata ulimi wake kwa mara ya kwanza: "Ndiyo, mambo yamekwisha sasa." Nilitaka kummwagia ile chai.

Ndipo binti alipoliweka sinia chini. Alikuja mpaka kwa dada yangu, akapiga magoti, akaishika mikono yake yote miwili, ile yenye mipasuko na kucha nyeusi, akaiweka kwenye shavu lake. Alikuwa analia. Na halikuwa igizo, mtoto yule ana moyo mzuri, sijui aliutoa wapi katika nyumba ile.

"Mama," alisema, "mimi nimekusamehe. Nilikuwa nasubiri tu siku utakayoirudisha."

Niligeuka kumtazama Dada. Nilikuwa naona maneno yamejaa kinywani mwake. Miaka yote ile alikuwa ameyaweka tayari kwa ajili ya mtu huyu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Akampapasa mtoto kichwani.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Tulipofika nje nilimvaa. Nilikuwa nalia kwa hasira mpaka kamasi zinanitoka. "Umekubali! Umekubali kwamba uliiba! Si ungemwambia tu, si ungesema neno moja?"

"Hukusikia alivyoniita?"

"Nimesikia. Na nimesikia amekusamehe."

"Ningesema ukweli, ningekuwa nawaambia mbele yake kwamba bibi yake mwongo na shangazi yake mwongo," alisema. "Ingebidi achague. Amelala kwenye kitanda chao maisha yake yote. Angenichagua mimi?"

Jibu tulikuwa tunalijua wote wawili. Tukakatiza kiwanja kilichojaa mashimo yetu. Alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja na bado anatembea haraka haraka, ananihimiza, akiniuliza kama nina kitambaa kizuri cha kutandika mezani, na vikombe visivyo na mapengo. Jumapili binti yake anakuja kumtembelea. Amesema anataka kuanza kumjua mama yake, sasa kwa kuwa ametubu.